Ukuta wa Upande wa Jua

Baba yangu mdogo kule Chebunyo alikuwa na fahali wa pembe moja iliyoinama, na huyo fahali alikuwa na tabia ya kulamba ukuta wa kanisa. Si ukuta wowote. Nyumba zetu za udongo alizipita kama hazipo. Kanisa ndilo lililokuwa limepakwa chokaa, na katika ile chokaa kulikuwa na kitu alichokipenda, labda chumvi, mimi sijui, hakuniambia. Mimi ndiye nilikuwa namchunga. Nikigeuza kichwa kidogo tu kutafuta matunda ya porini, nikirudi namkuta pale kanisani ulimi nje, mdomo mweupe kama wa mtu aliyeiba unga.

Mwalimu wa dini akaja nyumbani kushtaki. Akasema, "Fahali wako anakula kanisa."

Baba mdogo alikuwa mtu wa mzaha. Akamjibu, "Basi ameokoka."

Watu walicheka, lakini kicheko kilipoisha mimi ndiye nilipewa debe la chokaa na brashi ya katani, nikaambiwa nirudishe kile kilicholambwa. Nilipaka ukuta ule mchana wote. Nikaona kitu kichafu kinakuwa safi mbele ya macho yangu, na mkono uliofanya hivyo ni wangu mwenyewe. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu na hakuna kitu kingine nilichokuwa nimewahi kukifanya kikapendeza. Kwa hivyo vijana wakiniuliza kazi ya rangi niliianzia wapi, nawaambia niliianzia kwenye ulimi wa ng'ombe, na wanafikiri nazeeka vibaya.

Siku yangu ya kwanza ya kuandikwa kazi ilikuwa kwenye shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Jina la shamba naliacha. Nilifika asubuhi na nyapara akanipeleka kwa Fundi Mkuu wa Rangi, mzee mfupi aliyekuwa na rangi ndani ya nywele hadi usingejua mvi ni zipi. Hakuniuliza jina. Alichukua vidole vyangu akavitazama, akasema, "Hii mikono imezoea jembe. Rangi haitaki nguvu. Rangi inataka subira." Halafu akanipa sandpepa na siku hiyo yote sikugusa rangi hata tone. Nilisugua tu. Kesho yake pia. Wakati huo niliona ananitesa, lakini ndivyo kazi ilivyokuwa: kwanza unasugua, halafu unapaka andakoti, ambayo ni rangi ya chini ya kushikilia ile ya juu, halafu unangoja, halafu unapaka ya kwanza, unangoja tena, unapaka ya pili. Siku hizi naona kijana anafika na mkebe asubuhi na jioni ameshalipwa. Sitaki hata kuanza hiyo maneno.

Nilianzia kwenye matangi ya maji. Kutoka hapo wakanihamishia laini, yaani zile nyumba za wachuna chai zilizopangwa mistari, halafu kiwandani, ambako unapaka juu ya mashine na vumbi la chai linakupaka wewe. Fundi Mkuu alipostaafu kurudi kwao, nikapewa nafasi yake, na pamoja na nafasi nikapewa kazi ya kupaka nyumba ya Meneja. Hiyo ilikuwa kama kupandishwa madhabahuni. Nyumba ilikaa juu ya kilima, ukuta wake unaonekana kutoka barabara ya chini, na Meneja alitaka iwe nyeupe kuliko kitu chochote kinachoonekana.

Wa kunishikia ngazi alikuwa Njoroge. Watu wake walitoka Kiambu zamani wakafungua duka Chepseon, lakini yeye duka lilimshinda kwa sababu alikuwa anapiga hadithi na wanunuzi mpaka wanaenda kununua kwingine. Alikuwa anajua Kipsigis kuliko watoto wangu. Akikuona umekosea mstari hakunyamaza hata dakika moja.

Sasa, ile rangi. Miaka ya tisini ilipoanza, ofisi kuu ya Nairobi ilituletea lori zima la rangi mpya ya mafuta, nyeupe. Ilijaza stoo hadi mlangoni. Ukifungua mkebe ilikuwa nzuri kama cream ya maziwa. Ilifunika ukuta kwa mkono mmoja, yaani kwa kupaka mara moja tu. Tuliipaka nyumba ya Meneja pande zote nne, andakoti na mikono miwili, nikangoja kati ya kila mkono kama nilivyofundishwa, na Meneja mwenyewe alitoka nje akaizunguka akasema, "Hii sasa ni nyumba."

Haukupita mwaka, ukuta wa mashariki ukaanza kutoa unga. Ukipitisha kiganja kinarudi cheupe. Mvua ikinyesha maji yanayotiririka chini ni kama ya kusuuzia chungu cha maziwa. Lakini ule wa magharibi ulikuwa salama kabisa, unang'aa. Rangi ni ile ile, mkebe ni ule ule, mkono ni huu huu. Nilizunguka ile nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Ningalipata muda wa kufikiri kama si mgeni. Alitoka Nairobi, mkubwa wa wakubwa, suti nyeusi. Wakanywa chai nje, upande wa mashariki, kwa sababu asubuhi ndiko kuna jua. Mgeni akasimama akaegemea ukuta akisimulia mambo yake. Alipogeuka kuelekea gari, mgongo wote ulikuwa mweupe kuanzia mabega hadi makalio. Njoroge alikuwa juu ya ngazi upande wa jikoni na aliniambia baadaye kwamba aliuma brashi ili asicheke.

Kesho yake kwenye kuitwa majina, watu wote wa shamba wakiwa wamesimama, Meneja akaniita mbele.

"Umechanganya rangi yangu na chokaa," akasema. "Upande mmoja umepaka rangi, upande mwingine umepaka chokaa. Rangi ya upande huo imeenda wapi?"

"Bwana Meneja, sijachanganya kitu."

"Nyumba yako ya Roret ni ya rangi gani?"

Nyumba yangu ya Roret ilikuwa nyeupe. Ilikuwa nyeupe kwa chokaa ya gunia, niliyoinunua sokoni nikaipaka na mke wangu siku ya Jumamosi. Lakini askari wa shamba alikuwa ameshatumwa kwenda kuitazama, na aliporudi ripoti yake ilikuwa neno moja: nyeupe. Hakuigusa. Angeigusa angejua. Alisimama barabarani akaangalia, akanywa soda, akarudi.

Meneja hakunifukuza. Alisema nitabaki kazini mpaka jambo lijulikane, na likijulikana atalisema mbele ya watu, vile vile alivyolisema hilo la kwanza. Hayo ni maneno yake. Nayarudia hapa kwa sababu yana kazi mbele.

Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Arap Chokaa. Kwetu arap ni mwana wa fulani, na mtu huitwa hivyo kwa heshima ya baba yake. Baba yangu alikuwa mtu aliyelala udongoni bila kudaiwa chochote na mtu, na sasa mahali pake wakaweka chokaa. Wachuna chai waliniita hivyo nikipita. Jumapili moja kanisani Roret, mtoto mdogo ambaye hata hajui maana yake akaniamkia, "Chamgei, Arap Chokaa," na mke wangu akaweka chini kitabu cha nyimbo na hakuimba tena siku hiyo. Nyumbani akaniuliza mara moja tu: "Uliichukua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi waambie." Kana kwamba nilikuwa sijawaambia.

Sikutaka kitu kingine. Nilitaka Meneja asimame pale pale aseme lile lingine, kwamba mimi si mwizi.

Mtu wa kwanza kuja kunisaidia alinimaliza kabisa. Alikuwa Mkuu wa Kiwanda, mtu wa chai tangu ujana, aliyeamini hakuna jambo duniani ambalo chai haijalieleza. Akagusa ukuta, akanusa vidole, akafunga macho.

"Hii rangi inachacha," akasema.

Nikamwambia rangi si majani.

"Wewe sikiliza. Jani la chai ukilisaga linakutana na hewa. Hewa yenye unyevu. Ndiyo inalibadilisha kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Tusipolisimamisha linaendelea mpaka linaharibika. Tunalisimamisha na nini?"

"Na moto."

"Basi."

Ninyi mnaosoma haya labda mnacheka, lakini Meneja naye alikuwa mtu wa chai, na Karani, na kila mtu aliyekuwa na sauti. Wote wakaona ina maana. Nikaamriwa nipake ukuta wa mashariki upya, halafu tukapanga majiko ya makaa kandokando ya ukuta tuukaushe kama chai. Nilipaka. Tuliwasha. Rangi ikatoa malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji, na moshi ukaichora mistari myeusi hadi kwenye mabati. Njoroge akatazama kwa muda mrefu.

"Mzee," akaniambia, "hii imeiva. Sasa waite mwonjaji."

Nikakwangua yote. Nikapaka tena. Baada ya miezi, unga.

Ndipo alipokuja Daktari. Si wa sindano. Alikuwa binti wa watu wa Bomet aliyesomea kemia chuo kikuu hadi akaitwa daktari, na ofisi kuu ilimtuma kwa sababu malalamiko ya rangi yalikuwa yametoka mashamba mengine pia. Hilo la mashamba mengine hakuna aliyeniambia. Alikuja na mabuti na miwani, akaniamkia vizuri, akaniita baba, na mimi nikajua kesho nitakuwa mtu huru.

Kesho. Yule binti alikaa nasi kwa vipindi, anakuja anaondoka, karibu mwaka.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alikata vipande vya mabati, mimi nikavipaka rangi ya stoo, vyote sawa. Vingine tukaviweka juani wazi. Vingine tukavifungia kwenye sanduku lisilopitisha mwanga, lakini lina matundu ya hewa. Vingine akaviweka kwenye sanduku la kioo maalum linalopitisha jua lote, akatoa hewa ya kawaida ndani yake akaweka hewa nyingine kutoka kwenye mtungi, ambayo haina oksijeni. Oksijeni ndiyo ile sehemu ya hewa tunayoishi kwayo. Sasa fikiria, kazi ya kungoja jua, na ameileta Kericho, mahali ambapo kila siku baada ya chakula cha mchana mbingu inafungwa kama duka na mvua inashuka. Tulibeba vipande nje asubuhi, tukavirudisha mchana, mvua ya mawe ikavunja kioo, kioo kingine kikaagizwa. Nilimwambia avipeleke Chebunyo, kule jua linachoma siku nzima. Akasema, "Baba, ukuta uko hapa."

Kila mara nilimuuliza swali moja. "Daktari, si uwaambie tu mimi si mwizi?"

Na kila mara alijibu, "Baba, mimi napima rangi. Sipimi watu."

Nilimkasirikia sana kwa jibu hilo. Leo namwelewa, lakini hasira yangu haijaisha yote.

Siku moja, tukingoja mvua ipungue kwenye banda la ngazi, mimi, yeye, Njoroge na Mkuu wa Kiwanda aliyekuwa amekuja kutetea makaa yake, alitueleza. Nitaeleza kama nilivyosikia. Weupe wa rangi, akasema, ni unga wa madini yanayoitwa titani, yakiwa yameshaungana na oksijeni. Ule unga ukiuangalia kwa mashine kubwa, uso wake si laini. Una mapengo, mahali ambapo oksijeni yake mwenyewe imekosekana. Sasa oksijeni ya hewani ikipita, inakuja kukaa kwenye pengo.

"Kama benchi la kanisa," Njoroge akasema. "Penye nafasi ndipo mgeni anakaa."

"Hivyo hivyo. Na gizani huyo mgeni anakaa tu, ametulia. Lakini jua likipiga ule unga, mwanga unang'oa chembe ndogo sana ya umeme kutoka ndani yake. Oksijeni iliyokaa pale inainyakua. Ikishainyakua si mgeni mtulivu tena. Inakuwa kali. Inaanza kula kilicho karibu."

"Na kilicho karibu ni nini?" nikauliza.

"Ni mafuta ya rangi, baba. Yale yanayoshikilia unga pamoja. Yakiliwa, unga unabaki peke yake, haujashikwa na kitu. Ndio unaupata mkononi."

Mkuu wa Kiwanda akainua kidole. "Kwa hivyo ni hewa. Nilisema ni hewa."

"Hewa umepatia," Daktari akasema. "Unyevu nao unasaidia kidogo. Lakini chai yako inachacha hata gizani. Hii bila jua haiendi. Na moto hauisimamishi."

"Nusu nimepatia," akasema, na akaondoka akiwa ameridhika kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Ndipo nikaelewa ukuta wangu. Asubuhi jua la Kericho ni kali na mbingu iko wazi, linapiga mashariki. Likifika saa za kwenda magharibi, mawingu yameshafunga. Ukuta wa magharibi hupata mvua, haupati jua. Miaka yote ile nilikuwa nazunguka nyumba nikitafuta mwizi, na mwizi alikuwa anatoka mbele yetu wote kila siku akiwa na mwanga wake.

Nikamuuliza mbona rangi za zamani hazikufanya hivyo. Akasema unga wa titani uko wa namna mbili, umbo lake la ndani likiwa limepangwa tofauti. Mmoja unafaa ndani ya nyumba tu, maana juani unaanza ule ukali upesi. Mwingine ni mtulivu zaidi, na ule wa nje huvishwa koti jembamba la madini mengine ili oksijeni isipate pa kukaa. Yetu ilikuwa ya ndani. Kuna mtu Nairobi aliinunua kwa wingi. Vipande vilisema hivyo hivyo: vya juani vyenye hewa, unga mtupu. Vya gizani, vizima. Vya juani visivyo na oksijeni, karibu vizima.

Alipeleka matokeo yake ofisini na siku ya kuondoka akanipa mkono. "Sasa wanajua, baba," akasema.

Nikavaa shati safi kwenye kuitwa majina siku iliyofuata. Meneja akasoma kazi za siku. Akasoma mambo ya mbolea. Akamaliza. Nikafikiri ni kesho. Kesho yake tena mbolea. Wiki nzima nilivaa lile shati, na mke wangu alilifua kila jioni.

Mwishowe nikaenda ofisini kwake.

"Nimesoma," akasema. "Kwa hivyo si wewe. Ni jua."

"Asante, bwana. Sasa ile ya kusema mbele ya watu."

"Watu wamesahau, mzee."

"Hawajasahau. Wananiita Arap Chokaa."

Akatabasamu kama mtu anayesikia kitu kidogo. "Hiyo ni utani tu. Sikiza, wageni wanakuja mwisho wa mwezi. Upake ule upande wa mashariki."

"Na rangi gani?"

"Hii iliyo stoo. Bado imejaa. Lazima iishe."

"Lakini Daktari amesema hiyo ndiyo..."

"Itakuwa nyeupe mpaka wageni waondoke. Wewe paka. Na waambie wasiegemee."

Nimekwisha zeeka sasa, na vijana wa rangi wa Roret wakija kuniuliza jambo naona kazi yenyewe ninaweza kuwaeleza yote: sandpepa, andakoti, kungoja. Nawaambia waulize duka unga uliomo ni wa ndani au wa nje, na wananitazama kama Njoroge alivyotazama yale makaa. Lakini kuna jambo moja silijui hadi leo, nalo ni namna ya kupaka kitu unachojua kitaanguka, na kukipaka vizuri. Mkono wangu haukufundishwa hilo. Wapo wanaoweza. Siwalaumu, wana watoto.

Asubuhi ile tulisimamisha ngazi. Njoroge akashika chini. Jua lilikuwa limetoka vizuri, ukuta wote unawaka. Nikafungua mkebe, nikakoroga, nikapanda. Nikapaka mstari wa kwanza chini ya mabati, kutoka kona hadi dirishani, na ulikuwa mstari mnyoofu, naweza kuusema hata mbele ya Fundi Mkuu. Halafu mkono ukasimama. Nikashuka.

"Umesahau nini?" Njoroge akauliza.

"Hakuna."

Nikasafisha brashi kwa mafuta ya taa, nikaikausha kwa kitambaa, nikailaza juu ya mkebe. Mkebe nikaufunga, maana rangi haina kosa. Nikapitisha kiganja kwenye ukuta, chini pale ambapo hatukuwa tumepaka, nikakitazama. Cheupe.

Nikatembea. Njia ya lango inapita kati ya chai, na wachuna walikuwa wameinama na vikapu mgongoni. Mmoja akaniita, "Arap Chokaa, mbona mapema?" Nikaendelea na njia. Nyuma yangu nilimsikia Njoroge akimwambia, kwa Kipsigis safi, jina la baba yangu, na kwamba ajifunze kulitumia.

Nikapita lango. Mvua ilinikuta karibu na Roret, ile ya kila siku, na nikanyoosha kiganja mbele yangu mpaka kikawa safi. Sikurudi.